Kaondoka Rambo, Kaja Kifungashio

Nyumbani kwangu kuna mfuko ambao kazi yake pekee ni kutunza mifuko mingine. Unaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, umevimba, na mlango ukisukumwa kwa nguvu unamwaga yote: ya kijani, ya bluu, ya zambarau, mmoja una picha ya maharusi ambao simjui hata mmoja wao. Mama watoto hataki utupwe hata mmoja. "Itatufaa," anasema. Itatufaa lini mimi sijui, kwa sababu siku ya kwenda sokoni mifuko yote inabaki mlangoni na mimi nanunua mwingine hukohuko. Mwanamume wa mjini hatoki kwake na mfuko mtupu kwapani. Ataulizwa anakwenda kukopa unga kwa nani.

Mifuko hii tumeambiwa ni mbadala. Ilituingia majumbani kuanzia Juni Mosi, 2019, siku ambayo Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo. Zanzibar walikuwa wametangulia mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Wakenya waliweka adhabu ya kukosesha usingizi: hadi shilingi milioni nne za kwao, au miaka minne jela. Sisi kwa mwananchi wa kawaida tuliweka faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kulala ndani siku zisizozidi saba. Hata wageni waliokuja kuangalia simba waliambiwa waache mifuko yao uwanja wa ndege.

Na tusiseme uongo, marufuku ilisaidia. Anayeikumbuka Dar es Salaam ya kabla ya hapo anakumbuka michongoma iliyochanua rambo nyeusi, mbuzi waliokuwa wakichinjwa na kukutwa na nailoni tumboni, na upepo wa Agosti ukikuletea mlangoni mfuko wa mtu wa mtaa wa tatu. Hilo lilipungua. Serikali yangu naisema mara nyingi, lakini hapo naivulia kofia.

Kofia yenyewe sikukaa nayo mkononi muda mrefu.

Kwanza, huo mbadala. Wengi wanaamini ni kitambaa. Una nyuzi, umeshonwa pembeni, ukiubeba unajiona umeendelea. Basi nikwambie: mingi katika hiyo imetengenezwa kwa polipropilini, plastiki ileile ya vifuniko vya chupa na mabakuli ya kuwekea kiporo. Nyuzi zake hazikufumwa, zimebanwa pamoja kwa joto. Utundike kwenye kamba ya nguo juani uone. Baada ya muda unaanza kupukutika vipande vidogo ambavyo ufagio hauvishiki. Kama ungetumika miaka miwili mitatu nisingelalamika, mfuko mmoja ungekuwa umeokoa rambo nyingi. Lakini wetu ukibeba kilo mbili za viazi kutoka sokoni hadi kituoni, mkono mmoja unabaki na wewe na viazi vinabaki na lami. NEMC yenyewe, wenye kazi ya kusimamia mazingira, imekuwa ikipiga kelele kuhusu mifuko mbadala iliyo chini ya kiwango. Mimi huwa nasikia kelele hizo redioni huku nikiokota viazi.

Pili, kifungashio. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Nilikwenda gengeni kununua nyanya. Kijana akachomoa kwenye rundo kimfuko cheupe, laini, kinachoonyesha hadi ndani, akapuliza kikafunguka, akatia nyanya. Nikamuuliza, mwanangu, hii si marufuku?

"Shikamoo mzee. Hapana, hii siyo ile."

"Marahaba. Ile ilikuwaje?"

"Ile ilikuwa na mikono. Hii haina."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu kijana alikuwa anaisoma kanuni vizuri kuliko mimi. Kilichokatazwa ni mfuko wa kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani, za kilimo, za hospitali na vya usindikaji wa vyakula viliachwa, na kwa sababu nzuri: huwezi kumwambia mtu abebe dripu kwenye kikapu cha ukindu. Ila mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya dripu, nyanya nazo zimepitia humohumo. Nyuma ya nyanya wakaja dagaa, mchele wa robo kilo, karanga, ubuyu, barafu za ukwaju, mkaa wa kupima, maandazi. NEMC wakaja tena wakasema jamani, kifungashio si cha kubebea. Gengeni wakaitikia ndiyo, halafu wakapuliza kingine.

Matokeo yake naweza kukueleza kwa kikapu cha jana. Nyanya kwenye chao, pilipili kwenye chao kwa sababu zinawasha, bamia kwenye chao, kitunguu swaumu cha shilingi mia mbili nacho kikapewa nyumba yake ya kujitegemea. Zote zikatumbukizwa ndani ya mfuko mbadala. Zamani ningekuja na rambo moja tu. Tumeikata plastiki mikono, ikaja na ukoo wake.

Lakini hayo ya sokoni ni ya mfukoni. Yanayoniuma zaidi ni ya chunguni.

Jirani na kituo chetu cha daladala kuna mama anauza wali, na wali wake ni mtamu, mimi ni shahidi. Siku moja nimewahi kabla haujaiva, nikaona ameufunika kwa nailoni kwanza, ndipo akaweka mfuniko juu. Mvuke umeijaza nailoni imetuna, matone yanarudi kwenye wali. Nikauliza, mama, hiyo ya nini?

Akaniangalia kwa huruma. "Baba, mvuke usitoke. Unaiva juu na chini."

"Na bibi zetu walikuwa wanafanyaje?"

"Walikuwa wanapalia makaa juu ya mfuniko. Wewe utaninunulia mkaa wa kupalia?"

Hapo alinipata. Mkaa ni ghali na nailoni ni ya bure, imekuja na nyanya. Jani la mgomba ndilo lilikuwa linafunika zamani, lakini mgomba wa karibu na kituo chetu ulikatwa kupisha banda la kutoa na kuweka pesa. Kwa hiyo simlaumu sana mama wa watu. Nalaumu hesabu inayofanya sumu iwe nafuu kuliko jani.

Maana ni sumu, au tuseme ni mchanganyiko ambao hakuna aliyeandika orodha yake. Plastiki haiji peke yake. Kiwandani inachanganywa na vitu vya kuilainisha, kuipa rangi, kuifanya istahimili jua. Joto na mafuta ndivyo vinavyovitoa huko na kuvihamishia kwenye chakula, na wali wa nazi una vyote viwili. Mfuko mweusi ndio mbaya zaidi, kwa kuwa mara nyingi umetengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa upya, na rangi nyeusi imewekwa kuficha historia. Kabla haujafunika wali wako ulikuwa nani? Ulikuwa dumu la oili chafu? Ulikuwa chupa ya dawa ya kunyunyizia mchicha? Hakuna ajuaye, na wali hauna ulimi wa kukueleza.

Ongeza hapo supu. Asubuhi kijana anatumwa supu ya ng'ombe, inatoka kwenye sufuria inatokota, inamiminwa moja kwa moja kwenye nailoni, inafungwa fundo, inaning'inizwa kidoleni hadi nyumbani. Chai ya maziwa vivyo hivyo. Uji wa mgonjwa vivyo hivyo, jamani, wa mgonjwa! Mtu amelazwa, ndugu wanakusanya pesa za dawa, halafu wanamletea uji wa moto ndani ya nailoni.

Na saa kumi na mbili jioni mtaa wetu unawasha majiko. Mkaa hauna haraka, wenye njaa wana haraka, kwa hiyo kila jiko linapata kipande cha plastiki cha kuushtua: kifungashio, kandambili iliyokatika, kifuniko cha ndoo. Kinashika moto mara moja, kinadondosha matone yanayolia kwa mluzi, na moshi mweusi unapanda taratibu kuelekea dirishani kwangu. Nikikohoa naambiwa ni uzee. Moshi wa plastiki una masizi na gesi za kutosha kuchosha kifua cha mtu mzima, na plastiki yenye klorini ndani yake, ile ya mabomba na mikeka ya sakafuni, ikiungua inatoa daiyoksini, kundi la kemikali zinazohusishwa na saratani na ambazo zikiingia mwilini hukaa miaka. Juu ya jiko hilohilo, kabla moshi haujaisha, mtoto anaweka hindi. Nalo linauzwa, kwa chumvi na ndimu.

Nilipeleka habari hizi kijiweni, kwenye kahawa, nikidhani nitaungwa mkono. Nikawaeleza kwamba mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 na kukuta chembe za plastiki katika watu 17. Kimya kidogo. Kisha mzee mmoja akauliza kama wale watano waliobaki walikuwa hawali chipsi. Nikaendelea na ya Italia, 2024: wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha mshipa mkubwa wa shingoni walichunguzwa mafuta yaliyotolewa humo, na zaidi ya nusu yao walikutwa na plastiki ndani ya mafuta hayo. Walipofuatiliwa kwa karibu miaka mitatu, waliokutwa nayo walikuwa na hatari zaidi ya mara nne ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufa. Watafiti wenyewe ni waungwana, walisema hilo halithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha. Kijiwe kikashika hapohapo. "Si umesikia? Haijathibitishwa!" Kahawa ikamiminwa tena. Kijana wa bodaboda akataka kujua kama mtu akifa na plastiki zake ndani anaweza kuuzwa kwa kilo.

Nikasema basi, hayo ni ya Wazungu, ngoja niwape ya kwetu. Ziwa Victoria, Mwanza: watafiti walinunua sangara na sato sokoni, wakawapasua, na katika kila samaki watano wa kila aina, mmoja walithibitisha ana chembe za plastiki tumboni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Hapo mzee wa kwanza akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kesi: "Tumbo la samaki si linatupwa?" Ni kweli linatupwa. Dagaa hatumtoi tumbo, tunamla na kichwa, lakini sikutaka kuharibu zaidi jioni za watu.

Mitaro nitaipitia haraka, kwa sababu kila masika tunaisema na kila masika inatusikia. Mvua ikianza kunyesha Dar es Salaam kuna watu hufurahi kuliko wakulima. Wanatoa taka zilizokaa wiki nzima na kuzikabidhi kwa maji: chukua, peleka. Maji yanapeleka hadi penye kona, nailoni zinashikana, mtaro unaziba, na maji kwa kuwa hayana pa kwenda yanarudi kuuliza aliyeyatuma yuko nyumba ya ngapi. Jangwani inageuka ziwa, mabasi yanasimama, na chupa zinaelea kuelekea mto Msimbazi na kutoka hapo baharini kwa wavuvi. Zinazobaki nyuma ya nyumba zinakuwa hoteli ya mbu. Mbu wa dengue, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana bila aibu, hahitaji bwawa. Maji ya kwenye kifuniko cha chupa yanamtosha kutagia. Waliougua 2019 jijini hapa hawahitaji kusimuliwa maumivu yale ya viungo.

Kitu kimoja kwenye mfumo wetu wa taka kinafanya kazi, nacho hakina ofisi wala gari lenye namba za serikali. Ni wale vijana na akina mama wanaopita alfajiri na viroba vikubwa kuliko wao, wakiokota chupa za maji. Tunawafukuza, tunafungulia mbwa, tunaficha ndoo. Lakini angalia mtaroni vizuri: chupa za maji ni chache kuliko nailoni, ingawa tunakunywa maji ya chupa kila harusi na kila msiba. Sababu ni kwamba chupa ina bei. Inapimwa kwa kilo, inauzwa, inasagwa, inasafirishwa. Nailoni nyepesi haina bei. Uokote kutwa nzima hupati kilo, na ukiipata imejaa matope na hakuna anayeitaka. Vipakiti vya sabuni na vya viungo ndiyo kabisa, vimebandikwa tabaka juu ya tabaka za plastiki tofauti na hazibanduki. Duniani kote, katika plastiki inayotupwa ni kama asilimia 9 tu inayorejelezwa kuwa kitu kingine. Kwa hiyo mtu akikwambia tatizo litaisha kwa kurejeleza, muulize anarejeleza nini na kipakiti cha kungumanga.

Wakubwa wanajua. Machi 2022 mataifa yalikutana Nairobi yakakubaliana kwamba uandikwe mkataba wa dunia wa kumaliza uchafuzi wa plastiki, na wengi tulidhani baada ya miaka miwili tutakuwa nao mkononi. Wakakutana Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024, wakashindwana. Wakakutana tena Geneva Agosti 2025, wakashindwana tena. Ugomvi wenyewe si mgumu kuuelewa hata kijiweni: plastiki inatokana na mafuta na gesi, na dunia inatengeneza zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka. Upande mmoja unataka uzalishaji upunguzwe. Upande wa pili, wenye visima, unasema tuzungumzie taka tu, maana taka ni za mtumiaji, yaani wewe na mimi na kitunguu swaumu chetu.

Nami nimewahi kukaa kwenye semina ya mazingira hapa mjini, ukumbi una kiyoyozi cha kugandisha. Mgeni rasmi alizungumza saa nzima kuhusu hatari ya plastiki, na mbele ya kila mshiriki palikuwa na chupa ya maji imefungwa, pembeni yake glasi ya plastiki ya kunywea maji hayo, na glasi yenyewe imevishwa nailoni ili isiingie vumbi. Tulipomaliza tulipewa mfuko mbadala wenye maandishi ya semina. Uko nyuma ya mlango wangu wa jikoni.

Sasa nina maombi, na nayatoa nikiwa nimekaa. Wenye kanuni, mliikata rambo mkaonyesha kwamba inawezekana. Kikateni na kifungashio cha gengeni, maana dripu na nyanya hazifanani hata kwa mbali. Wenye viwanda, anayetengeneza kipakiti kisichookotwa na mtu alipie kuokotwa kwake, halafu muone kama kitakaa mtaroni. Waokota chupa wapewe glovu na bei ya haki kabla ya sisi kupewa semina nyingine. Mama wa wali, nitachangia mkaa wa kupalia, tena leoleo, ila nailoni itoke chunguni. Wanaume wenzangu, tubebe kikapu; mimi nimeanza, nimeshaulizwa kama nimetumwa na mke wangu, nikajibu ndiyo, na mjadala ukaishia hapo.

Na wewe uliyenisoma hadi huku, jioni usiliwashe jiko kwa nailoni. Washia ukurasa huu. Karatasi inashika moto vizuri, na mambo yangu ukishayasoma hayana kazi nyingine.